Viraka vya Sauti

Wifi yangu Nakunde alinijibu kwa adabu, na hapo ndipo nilipopaswa kujua kwamba pana msiba unakuja.

Sikujua papo hapo, nisiseme uongo. Uongo nimeshasema wa kutosha, na mtausikia. Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda chetu cha redio juu ya mlima Shengena, saa nne asubuhi, mvua ya vuli inaingia siku ya tano bila kukata, naita mahudhurio. Kila kituo kinaitwa kwa jina, kinasema hali yake, tunahamia kingine. Ndivyo tunavyoishi huku Upareni tangu simu zilipokufa, mwaka wa tisa huu. Jua lilikohoa siku moja tu, setilaiti zikaungua, minara ya simu ikawa vyuma vya kuanikia nguo, na sisi tuliokuwa tukichekwa kwa kuchezea redio za ridhaa tukajikuta ndio shirika la simu la mlima mzima. Mshahara hakuna, lawama zipo.

"Heikweti," nikaita. "Mlinzi wa ndiva, unanipata? Ova."

Ndiva ni bwawa letu la kukusanyia maji ya kumwagilia, na ya Heikweti ndiyo kubwa kuliko zote. Imekaa juu kabisa ya kijiji cha Mkomvu, na Nakunde ndiye mwenye funguo za lango lake. Sauti yake ikaja safi, haina hata mkwaruzo.

"Salama, wifi. Sisi huku hatujambo. Maji yako kawaida. Asante sana kwa kuuliza."

"Asante nawe," nikasema. Nikaweka tiki, nikaita kituo kilichofuata.

Nyuma yangu Mwenyekiti wa chama chetu cha redio, Eliewaha Mndeme, alikuwa anamimina chai. Ni mtu mrefu, mpole, anayepiga pasi mashati yake hata akipanda mlimani. Akacheka. "Leo wifi yako kaamkia upande gani? Hata tusi moja!"

Nikacheka nami. Kisha kalamu ikasimama mkononi.

Mnisamehe, lazima mwelewe jambo hili. Wifi na wifi wana ruhusa ya kutaniana, lakini Nakunde aliigeuza ruhusa hiyo kuwa kazi ya kudumu. Miaka ishirini na sita tangu nilipoolewa na kaka yake hajawahi kunisalimia bila kunitukana kwanza. Hata siku tulipomzika huyo kaka yake, alinitazama ng'ambo ya kaburi akaniambia nimefunga kitambaa kama naenda kuuza mitumba, kisha tukakumbatiana tukalia mpaka tukakauka. Na leo ananiambia asante sana kwa kuuliza? Nakunde? Ng'o!

"Mwenyekiti," nikasema, "maliza wewe mahudhurio. Mimi nina kitu cha kutazama."

*

Hapa inabidi nieleze mtambo, maana bila hivyo dhambi yangu haitaonekana.

Juu ya Shengena tuna kitu tunachokiita Mdomo. Mdomo hulipokea neno la mtu na kulirudia kwa nguvu, mlima mzima ukasikia. Ukisema, bibi aliye chini kabisa bondeni anasikia kama vile mko naye jikoni. Shida ilikuwa kwenye kurudi. Bibi huyo ana redio koli ya mkononi yenye betri ndogo, na mbele yake kuna mlima. Yeye anatusikia, sisi hatumsikii. Miaka mingi Mdomo wetu ulikuwa hodari wa kusema na kiziwi wa kusikia.

Basi tukatega masikio. Matano, kila moja kwenye kilele kidogo karibu na watu: antena, paneli ya sola, betri, na mtambo wa kutuma juu kwetu kila lilichosikia. Mtu akizungumza, huenda masikio matatu yakamnasa kwa pamoja, moja limeshika mwanzo wa neno, jingine katikati, la tatu limeambulia mikwaruzo mitupu. Mwanzoni tulichagua tu sikio lililosikia vizuri zaidi. Baadaye nikaunda Mshonaji. Huo ni mtambo unaoikata sauti vipande hamsini kwa sekunde, unachukua kipande kizuri kutoka sikio hili, kingine kutoka lile, unavishona pamoja na kumpa Mdomo. Hapo ningeishia, ningekuwa mwanamke wa kuheshimiwa mpaka leo.

Lakini palibaki matundu. Mahali ambapo hakuna sikio lililosikia, sauti inakatika. Watu wakanung'unika: mbona mjomba anasikika nusu nusu? Mimi nami sipendi kunung'unikiwa. Mwezi wa pili mwaka huu nikaufundisha Mshonaji kufuma kiraka chake mwenyewe. Ulikuwa umeshazisikia sauti zetu zote kwa miaka, unajua nani husema nini na baada ya nini. Ukikuta tundu, unakisia neno, unalisema kwa sauti ya mwenyewe, na hakuna atakayeona mshono.

Kwenye kikao niliwaambia wanachama kwamba mtambo sasa "unasafisha". Unasafisha! Watu wazima waliniuliza kwa nia njema, nikawajibu kama muuza dawa mnadani. Nilijiambia ni silabi tu, "na" hapa, "ya" pale, nani ataumia?

Niliusahau ustaarabu wetu wenyewe. Kwetu mtu haanzi na shida. Nyumba ikiwaka moto, ukimuuliza hali atakujibu salama, hatujambo, halafu ndipo aseme ila nyumba inawaka. Mshonaji ulikuwa umesikiliza maelfu ya mahudhurio. Ulichojifunza ni kwamba watu wa Upareni daima hawajambo. Shida zetu huja nyuma, zikiwa chache, na mtambo uliozaliwa kwa kuhesabu uliziona kama makosa ya kusafishwa.

*

Vipande ghafi hukaa kwenye mtambo siku thelathini, kisha hufutika. Nikavaa visikizi vya masikioni, nikafungua vya Heikweti vya asubuhi ile.

Kioo cha mtambo kikaniambia kwanza kwa tarakimu. Nakunde alikuwa amezungumza sekunde kumi na nne. Sekunde mbili zilikuwa zake. Kumi na mbili zilikuwa kiraka.

Sikio la Tatu, lililo karibu naye, halijaonja jua siku tano. Betri yake ilikuwa asilimia tisa na inashuka. Kilichokuwa kinafika kutoka kwake kilikuwa kama mchele unaomwagwa kwenye bati. Mshonaji ulikiona kichafu mno, ukakitupa chote, ukaweka vya kwake. Lakini mashine haijawahi kutukanwa na Nakunde. Mimi nimetukanwa. Nilifumba macho, nikasikiliza mara tatu, na ndani ya mikwaruzo ile wifi yangu akatoka.

"Salama... wewe mwizi wa kuku... ila ukingo wa juu... ufa, unaingia mkono... lango limekwama... Mkomvu watoke... umesikia? Mkomvu watoke!"

Mama yangu! Chini ya ndiva ile kuna kaya arobaini na tatu, zimefuatana na mto mpaka kwenye daraja. Nikamwita Nakunde mara moja, mara mbili, mara tano. Kimya. Sikio la Tatu likafika asilimia sita.

Nikabonyeza maiki, nikaita Mkomvu. "Senzota, hapa Shengena. Unanipata?"

Senzota ni katibu wa kijiji, mtu mzuri ila mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha atatoa mkono nje kwanza. "Nakupata, mama. Ova."

"Watoe watu wote wa mtoni, wapande kanisani. Sasa hivi. Ukingo wa Heikweti una ufa."

"Kasema nani?"

"Nakunde."

"Naetwe, Nakunde tumemsikia sisi sote, nusu saa haijapita. Kasema maji yako kawaida. Mimi nina wazee wasiotembea huku, nina mzazi wa siku tatu na kichanga chake. Niwatoe kwenye mvua hii niwaambie nini? Kama mna ugomvi wenu wa mawifi, malizeni nyumbani."

"Senzota, nakuomba."

"Nitatuma kijana akatazame. Ova."

Kutoka Mkomvu hadi kwenye ndiva ni saa nzima ya kupanda, na hiyo ni wakati wa kiangazi.

Nikaiachia maiki. Hapo nikaelewa kwamba njia imebaki moja. Watu wale walikuwa wamemsikia Nakunde kwa masikio yao, na neno langu lisingeishinda sauti yake. Ili waamini kwamba ukingo una ufa, ilibidi niwaambie kwamba ile sauti haikuwa yake. Nikisema hivyo kwa Nakunde, nimesema kwa wote: kwamba tangu mwezi wa pili hakuna mtu mlimani anayejua alichoambiwa kilitoka kwa nani.

Na mmoja wa hao wote alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu, chupa ya chai mkononi.

Baba yake Mndeme alikuwa hasemezani naye miaka saba, kwa ajili ya shamba la tangawizi ambalo mwana aliliacha likawa pori. Mwezi wa nne mzee akawa mahututi huko bondeni, barabara imekatika, akaomba redio. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Sauti ikaja kibandani hapa, safi kabisa: "Mwanangu, nimekusamehe. Kaa salama." Mndeme akamjibu, na kabla ya jioni mzee alikuwa ameshafariki. Maneno yale aliyaandika kwenye jalada la ndani la Biblia yake, na tarehe. Nimeyaona. Sauti ile ilikuwa safi mno kwa mtu anayekata roho nyuma ya mlima, na mimi, mwenye mtambo, nililijua hilo siku ile ile. Nilikuwa na siku thelathini za kufungua vipande nitazame. Kila asubuhi niliitazama kalenda, nikajipa kazi nyingine.

Sasa nikamgeukia. Nilitaka nimwambie yeye kwanza, peke yake, kwa upole. Muda wa upole haukuwepo.

"Mwenyekiti, nisamehe kwa utakachosikia," nikasema, nikabonyeza.

"Ndugu zangu wote, hapa ni Naetwe Mrutu. Sauti mliyoisikia saa nne si ya Nakunde. Ni ya mtambo, na mtambo nimeutengeneza mimi. Pale masikio yetu yasiposikia, mtambo unabuni maneno na kuyasema kwa sauti ya mwenyewe. Umefanya hivyo tangu mwezi wa pili. Niliwaambia unasafisha. Niliwadanganya. Mkomvu, Nakunde mwenyewe alisema hivi. Sauti ni mbaya, tegeni masikio."

Nikazima viraka vyote. Nikaufungulia Mdomo kipande ghafi, mikwaruzo yote, na mlima mzima ukasikia naitwa mwizi wa kuku. Nikakirudia. Nikakirudia tena.

Ikaja sauti ya Senzota, nayo sasa imejaa matundu kwa kuwa hakuna kiraka: "Huyo... ndiye Nakunde. Huyo hasa. Tunatoka."

*

Sikugeuka nyuma. Nilingoja mkono wa Mndeme univute kutoka kitini, na haki ya Mungu angenivuta nisingesema neno. Alichofanya ni kuweka chupa chini, akavuta kigoda, akaichukua maiki kwenye vidole vyangu.

"Senzota, hapa Mndeme. Anza na nyumba za darajani, mpande nazo. Kila kaya ikifika kanisani nitajie mkubwa wake, niandike. Usinitajie ambaye hujamwona kwa macho."

Akaandika. Sauti zilikuwa zinakuja vipande vipande, jina linakatika katikati, naye anaomba lirudiwe, mara mbili, mara tatu, bila kuinua sauti. Hakukisia hata moja. Kaya kumi na mbili. Ishirini na tisa. Mzazi wa siku tatu amefika, amebebwa kwenye kitanda, kichanga kimelala. Kaya arobaini na moja. Arobaini na mbili ilichelewa kwa sababu bwana mmoja alirudi kufungua mbuzi, na Senzota akamtukana hewani kwa maneno ambayo mtambo wangu usingeyapitisha kamwe. Arobaini na tatu.

Saa sita na robo ukingo ukaachia. Tulisikia kwa redio ya Senzota, mngurumo mrefu na nyuma yake watu wakilia kwa hofu. Baada ya hapo akasema, "Mto umepita mahali palipokuwa na nyumba yangu. Watu wote wapo. Nimewahesabu tena. Wote wapo, mama."

Nikaweka kichwa mezani. Nilikuwa na furaha, na bado nusu ya moyo ilikuwa Heikweti. Sikio la Tatu lilishakufa. Nakunde alikuwa kwenye lango lile, na lango halipo tena.

Mndeme akamwita. Akangoja dakika moja kwa saa yake ya mkononi, akamwita tena. Alifanya hivyo kwa muda wa robo tatu ya saa, na mimi nikawa nimefungua masikio manne yaliyobaki yote, bila kuchagua, bila kushona, mikwaruzo ya bonde zima inamiminika kibandani.

Kwenye Sikio la Nne pakagonga kitu.

"...nyie..."

"Rudia," Mndeme akasema. "Rudia, mama, tunakusikia kidogo."

"...nyie mnapiga kelele... mtu anapanda mlima... pumzi hana..." Alikuwa anahema. Alikuwa ameliacha lango alipoona ufa unapanuka, akapanda upande wa pili wa bonde kwa magoti, redio ikiwa ndani ya mfuko wa rambo. "Nimetoa ujumbe saa nne nikaenda kupambana na gurudumu la lango... baadaye nawasikia mnabishana eti nimesema maji kawaida... nikadhani nimeshakufa, mzimu wangu ndio unaojibu... Mkomvu wametoka?"

"Wametoka wote," nikasema. Nilikuwa nalia waziwazi, kamasi na vyote. "Wote, Nakunde. Kaya arobaini na tatu. Umeumia?"

"Goti." Mikwaruzo. "Unalia? Usinililie miye, nenda kalilie mtambo wako."

*

Mvua ilipungua alasiri. Chini kijani kikaanza kuonekana, na mahali pa ndiva palikuwa pekundu, udongo mtupu. Mndeme alipanga karatasi ya majina vizuri, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kisha akakaa akinitazama.

"Jumamosi utasimama mbele ya wanachama," akasema.

"Nitasimama."

"Viraka havitawashwa tena. Mtu asiposikika, asisikike, tumwambie arudie."

"Nimeshavifuta, Mwenyekiti. Havipo hata nikitaka."

Akaitikia kwa kichwa. Akazungusha kikombe mezani. "Na baba?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu tangu saa tano na halikuwa na maana yoyote sasa. "Sijui," nikasema. "Huenda aliyasema. Huenda alisema nusu. Huenda hakusema. Vipande vilifutika mwezi wa tano. Ningeweza kufungua kabla, sikufungua. Niliogopa."

"Siku thelathini," akasema taratibu.

"Siku thelathini."

"Hilo nitakuwa nalo kwa muda, Naetwe. Sitakuficha."

"Nastahili."

Nilidhani amemaliza. Lakini akainyoosha shingo kuelekea kwenye maiki, ile ile ya mezani, akaigusa kwa kidole.

"Siku ile nilimjibu," akasema. "Nilimwambia, baba, nami nimekusamehe, pumzika. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilisemea hapa?"

"Hapo hapo ulipokaa."

"Basi niambie wewe, na leo usinisafishie kitu. Maneno yangu yalipita kwenye sikio lolote?"

"Hayakupita. Masikio ni ya kuwasikiliza walio mbali. Wewe ulikuwa hapa. Maiki hii inaingia Mdomoni moja kwa moja."

"Na Mshonaji?"

"Haukuyagusa. Haukuwa na njia ya kuyagusa. Yalitoka kama ulivyoyasema, hata pale koo lilipokukaba. Na redio yake ilikuwa wazi. Muuguzi alituambia aliiweka kifuani kwake."

Mndeme akavuta pumzi ndefu, akaishusha yote. Mabega yake yakashuka nayo. Alijifuta uso kwa mkono wa shati lile lililopigwa pasi, akalikunja likawa hovyo, wala hakujali.

"Basi la kwangu lilifika," akasema.